Pumzi ya Mstari wa Tatu

Babu yangu aliniita mke wake tangu sijaota meno, na kama waume wengi wa rika lake hakuona haja ya kunisifu. Alikuwa mwalimu wa kwaya kule Ikolo, mfupi, mwenye macho makali na kijiti cha mwanzi alichotumia kugonga mapigo kwenye meza na, mtu akikosea, kwenye muundi wa mguu. Muundi wangu wa kushoto unaujua muziki kuliko vichwa vya watu wengi ninaowafahamu. Nilisoma nota za solfa kabla sijaweza kusoma barua, na nilipofika miaka thelathini nilikuwa mwalimu wa kwaya mimi mwenyewe, Kyela mjini, nikigonga miundi ya wenzangu.

Nasema haya ili ieleweke nilipoteza nini. Mwaka mmoja wa mvua nyingi niliugua homa ya uti wa mgongo. Nilipozinduka hospitalini, mume wangu alikuwa akifungua na kufunga mdomo mbele yangu kama samaki aliyetupwa mchangani, nikamwambia aache mchezo. Hakuwa anacheza. Masikio yote mawili yalikuwa yamekwenda, wala hayakuaga.

Nilikaa kiziwi zaidi ya miaka miwili, na sina hamu ya kuisimulia miaka hiyo. Nitasema tu kwamba nilikuwa mkorofi. Jumapili nilikaa kiti cha nyuma kanisani, nikitazama midomo ya kwaya yangu ikiongozwa na mtu mwingine, na hata kwa macho niliona kwamba wanachelewa kuingia. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamwaga hasira kwenye sufuria, na kwa kuwa sikusikia kelele za sufuria sikujua nimezidisha mpaka nilipomwona mume wangu ametoka nje kwenda kukaa na kuku.

Kanisa letu lilikuwa na usharika rafiki huko Ulaya. Wageni wao walipokuja miaka ya nyuma waliirekodi kwaya yangu kwenye kaseti, na nadhani kaseti ile ndiyo iliyoniombea, maana waliposikia mwalimu amekuwa kiziwi walichanga wakaniita. Daktari wa huko alitoboa mfupa nyuma ya sikio la kulia, akapitisha waya mwembamba mpaka ndani kabisa ya sikio, pale palipojikunja kama konokono. Nje nilibaki na kidude cha kuning'iniza sikioni, kidonge chenye sumaku kinachonata kichwani, na waya unaoshuka mpaka kwenye kisanduku kiunoni. Kisanduku kilikula betri kama kiwavi kwenye majani ya mgomba.

Maneno yalirudi mapema kuliko nilivyotarajia. Mwanzoni kila mtu alisema kama anaongea ndani ya bomba, baadaye bomba likapanuka. Muziki ndio uliokataa kurudi. Mpigo niliusikia vizuri kabisa, ngoma, makofi, hatua za miguu. Lakini sauti inayopanda na kushuka, ile inayokufanya ukumbuke mama yako ukiwa umesimama sokoni, haikuwepo. Sauti ya kwanza na ya pili na ya tatu zote zilikuwa bati moja linaloburutwa juu ya kokoto.

Pale hospitalini kulikuwa na mama mmoja mpole aliyenifundisha kusikia upya. Alinipigia vipande vya muziki, kisha akaweka mezani picha mbili za sura, moja inacheka na moja imenuna, nimwonyeshe wimbo ni wa sura ipi. Siku za kwanza nilibahatisha. Siku ya tatu au ya nne niligundua siri yao. Kule kwao wimbo wa furaha unakwenda mbio na wimbo wa huzuni unajikokota. Basi nikawa nahesabu mapigo kwa kidole gumba cha mguu ndani ya kiatu. Wenye haraka, sura inayocheka. Wenye uvivu, sura iliyonuna. Nilipata karibu zote. Yule mama alifurahi mpaka akanishika mikono, akaniandikia cheti kizuri, nami nikarudi nyumbani nikiwa na cheti hicho na dhambi hiyo.

Kanisani walinipokea kwa sherehe. Mzee wa kanisa alisimama akasema kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, watu wakapiga makofi, na kwaya yangu ikanyanyuka kuniimbia. Nilisikiliza. Nilisikia debe. Watu thelathini ninaowapenda walikuwa wamesimama mbele yangu wakitikisa debe lenye misumari, na nyuso zao zimejaa upendo. Nikalia. Kanisa zima likalia nami, wakimshukuru Mungu kwa muujiza.

Babu alikuwa ameketi benchi la mbele. Hakulia. Baada ya ibada alinisogelea akiegemea fimbo yake, akauliza kwa Kiswahili chake cha pole pole, "Mke wangu, umelia nini? Wimbo ule ni wa furaha."

"Nimelia kwa furaha, mume wangu."

"Mm," alisema. "Uongo huo kawaambie wazungu."

Wakati huo biashara ilikuwa imefunguliwa na mji umechangamka. Maduka yaliyokuwa na sabuni na vumbi sasa yalikuwa na redio za kaseti, miwani ya jua, na zile wokmani za kuvaa kiunoni zenye waya mpaka masikioni. Kwa hiyo nilipopita barabarani na kisanduku changu, vijana waliona mama mtu mzima anayejua mambo. Wengine waliniomba niwaazime wasikilize wimbo mmoja tu. Wazee nao, waliojua habari zangu, waliamini sikio langu limehamia kiunoni. Wakitaka kuniambia jambo waliinama, wakaweka mdomo karibu na kisanduku, wakakisemesha kwa heshima. Nimewahi kusalimiwa "ugonile" kwenye nyonga na mzee wa miaka themanini. Nilichoka kuwaeleza kwamba sikio liko palepale Mungu alipoliweka.

Betri nilinunua kwa mzee mmoja wa duka la nguo na vikorokoro, mtu mwenye asili ya Kilwa ambaye baba yake alihamia Kyela zamani. Yeye alizijua betri nzuri na zile za kubandikwa karatasi tu. Aliziweka kwanza kwenye tochi, akaimulika dari, ndipo akanipa. "Kichwa chako kinakula kuliko redio yangu," aliniambia kila mara, "na redio yangu angalau inanipa taarifa ya habari." Nami nilimjibu kwamba kichwa changu kinatoa taarifa nyingi, ila yeye hanunui.

Sasa nifike kwenye wimbo. Babu alikuwa na wimbo mmoja alioutunga mwenyewe kwa ajili ya bibi. Bibi alikufa nikiwa mdogo sana, simkumbuki. Wimbo ule haukuwahi kuimbwa kanisani wala kuandikwa popote, na tangu nikiwa msichana babu alisema nitaurithi mimi. "Wajomba zako nitawaachia migomba na kokoa," alisema. "Wewe nitakuachia kitu kisicholiwa na ngedere." Nilikuwa na haraka gani? Nilidhani muda upo. Kisha nikawa kiziwi, na niliporudi na kisanduku changu babu alikuwa amekonda, kifua kinakoroma, na kila mtu aliyemtembelea aliondoka akitingisha kichwa.

Nikaenda Ikolo, nikamwomba anipe wimbo.

"Siwezi kumpa mtu chungu," alisema, "kama hajui ndani mna mchuzi au maji ya moto. Niambie kwanza kama unasikia wimbo unalia au unacheka. Siku utakayojua, nitakupa."

Ndivyo Jumamosi zetu zilivyoanza. Nilipanda baiskeli asubuhi, nikapita mashamba ya mpunga, nikafika kwake jua halijakaza. Tuliketi barazani. Dada yake mdogo, bibi aliyekuwa akimpikia tangu alipofiwa, alikuwa jikoni na mbalaga yake, ndizi za kupika, mlango wazi, anasikia kila kitu. Kwa kuwa kaka yake aliniita mke, yeye aliniita wifi, na aliutumia uwifi wake vizuri, kunitafutia makosa.

Babu aliimba. Hakutumia maneno, maana alijua maneno yangenisaidia. Aliimba la-la-la tu, akagonga kijiti mezani, kisha akaniambia nirudie, nami nikarudia kama koo langu lilivyoweza, akanigonga muundi nilipopotoka. Halafu aliuliza, "Unalia au unacheka?"

Jumamosi ya kwanza aliimba kitu cha haraka kama kwata za wanafunzi. Nikahesabu kwa kidole gumba. "Unacheka," nikasema. Akaitikia kwa kichwa. Iliyofuata akaimba cha taratibu, cha kubembeleza. "Unalia." Akaitikia tena. Jumamosi nyingine aliimba kama wavuvi wa Kikisi wanavyopiga kasia, nyingine kama tenzi za Krismasi, na mimi nikawa naendelea kupata, nimevimba kichwa, mpaka siku moja bibi alipotoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kaka," alisema, "wifi anacheza na kidole cha mguu. Nimemwona tangu mwezi uliopita."

Babu akainama polepole akatazama mguu wangu, halafu akanitazama usoni. Nilitamani baraza ipasuke. Nikawaeleza yote, picha za sura, kidole ndani ya kiatu, na cheti. Babu alicheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa akacheka tena.

"Umewashinda wazungu kwa kidole," alisema. "Lakini mke wangu, umezaliwa wapi wewe? Sisi hapa tunazikana kwa ngoma za mbio. Bibi harusi anaagwa kwa wimbo unaotambaa mpaka mama yake anazirai. Kidole chako kitakuaibisha."

Alisema kweli, nami nilijua. Kwetu wanaume huvaa njuga msibani wakarusha miguu mpaka vumbi linafunika migomba, na mgeni akipita hudhani kuna harusi. Zamani nilitofautisha kwa sauti ya wanawake iliyopanda juu ya ngoma. Sasa sauti hiyo ilikuwa bati, na ngoma ndiyo iliyobaki.

Kuanzia siku ile bibi aliketi nasi na kunikalia juu ya mguu. Sitanii, alivuta kigoda akauweka mguu wangu chini ya pindo la kanga yake akaukandamiza. Bila kidole nilianza kukosea. Nilibahatisha, nikasoma uso wa babu, naye akajifunza kuimba amefumba macho, uso mkavu. Nyumbani nilifanya mazoezi na mume wangu, ambaye miaka ya nyuma nilimtoa kwenye kwaya kwa sababu ya sauti yake, kabla hatujaoana. Aliniimbia jioni nzima. Alifurahi mno, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameoa mtu asiyeweza kumwambia kwamba anaimba vibaya.

Kitu kimoja nilichokisikia bila shida ni mahali ambapo babu aliishiwa pumzi. Kila wimbo, uwe wa mbio au wa kutambaa, akifika mwisho wa mstari wa tatu alinyamaza. Kijiti kilisimama hewani. Kisha akaendelea na mstari wa nne. Mtu mwenye masikio mazima labda angeliona kuwa jambo dogo, lakini kwangu, katikati ya kelele za bati, ukimya ule ulikuwa kama kiti cha kupumzikia. Niliusubiri. Nilipomrudishia wimbo na mimi nilinyamaza hapohapo, kwa kumwigiza, ili kumchokoza.

"Pumzi imekwisha, mume wangu," nilimwambia. "Uzee huo. Nitatafuta kijana."

"Nenda," alisema. "Utarudi."

Bibi hakucheka pale. Alitazama pembeni, nikadhani ameudhika kwa ajili ya kaka yake, nikaacha utani huo kwa wiki moja, kisha nikaurudia.

Jumamosi ya mwisho babu aliimba wimbo ambao haukuwa wa haraka wala wa taratibu. Ulitembea tu, kama mtu anayerudi nyumbani bila mzigo. Alisimama mahali pake pa kuishiwa pumzi, akamaliza. Nilirudia. Akauliza kama kawaida. Nilitafuta kidole changu, kilikuwa chini ya bibi. Nilitafuta uso wake, ulikuwa mkavu. Nilichoka kudanganya.

"Sijui, babu," nilisema. Sikumwita mume. "Mara naona unacheka, mara naona unalia. Sijui kabisa."

Akafumbua macho. "Leo umejibu vizuri," alisema. "Jumamosi ijayo njoo na betri mpya. Nitakupa maneno."

Wiki ile niliipitisha kama mtoto anayesubiri sikukuu. Alhamisi nilikwenda Njisi kwa wifi yangu wa ukweli, dada wa mume wangu, nikalala huko siku mbili, na Jumamosi alfajiri nikapitia mjini moja kwa moja nikielekea Ikolo, bila hata kufika nyumbani. Nilivaa kitenge kipya cha njano chenye maua makubwa. Nilibeba mchele na usipa, dagaa wa ziwani kwetu, ndani ya kikapu. Dukani yule mzee alinimulikia betri kwenye dari, kisha akaniambia, "Huko kwa babu yenu mna shughuli? Jana nikiwa msikitini, mama watoto ameuza jora zima la nguo kwa watu wa Ikolo. Amesema walikuwa wengi."

"Ni harusi ya jirani," nilimwambia. Nilijua jirani wa babu anaoza binti mwezi ule. "Kumbe wameiwahisha."

"Basi wacheze kwa niaba yangu," alisema.

Nilizisikia ngoma kabla sijaufikia mgomba wa kwanza. Nikashuka kwenye baiskeli. Nikasimama njiani, nikakataza kidole changu kutikisika, nikasikiliza kwa kichwa chote. Ngoma za mbio, njuga, filimbi. Juu yake bati la sauti za wanawake. Na nikahisi, nasema kweli, nikahisi furaha. Niliihisi kifuani, bila kuhesabu. Nikajiambia, hii hapa, imerudi, leo nikimweleza babu hataniamini. Nikaweka kikapu kichwani, nikaitelekeza baiskeli kwenye majani, nikaingia kwenye kijia cha migomba nikicheza na kupiga vigelegele.

Vigelegele vyangu vilikuwa vikubwa. Kiziwi hajui kipimo.

Kijia kiliishia uani kwa babu. Ndiko ngoma zilikokuwa. Wanaume walikuwa wanaruka vumbini, na mlangoni pake wanawake walikuwa wameketi chini, kanga zimefungwa kiunoni, miguu imenyooshwa. Nilikuwa nimeshafika katikati ya ua, kitenge cha njano, kikapu kichwani, ulimi bado unacheza mdomoni. Kila kichwa kikageuka. Ngoma zikanyamaza, na ukimya ninaujua vizuri.

Babu alikuwa amekufa Ijumaa alfajiri. Mtu aliyetumwa kwangu alikuta mlango umefungwa, mume wangu yuko shambani, akaacha ujumbe kwa jirani. Haya niliambiwa baadaye. Pale uani hakuna aliyeniambia kitu, niliona tu kigoda chake kimegeuzwa chini juu kando ya mlango, nikaelewa.

Kama dunia ingekuwa na haki ningezimia. Badala yake bibi alinyanyuka kutoka kwenye mkeka, macho mekundu, akaja mpaka mbele yangu, akanitazama toka kichwani mpaka miguuni. Kisha akapiga kigelegele.

"Mwoneni," aliwaambia watu. "Mke mdogo amekuja kudai urithi, na amejipamba kabisa. Kaka, ulioa."

Wakacheka. Waliokuwa wakilia wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni, maana kwetu mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu yake hata akiwa ndani ya jeneza, na mjukuu asiyetania msibani huonekana hakupendwa. Mzee mmoja akaniuliza ninadai nini, migomba au ng'ombe. Mdomo wangu ukasema peke yake, "Kijiti." Wakacheka zaidi. Bibi akaingia ndani akatoka na kijiti cha mwanzi, akakiweka mkononi mwangu, na ngoma zikaanza tena. Mpaka leo Ikolo nasifiwa kwa utani ule. Sijawahi kumwambia mtu hata mmoja kwamba sikuwa natania, isipokuwa mume wangu, aliyesema nimshukuru Mungu kwamba aliyekufa hakuwa mkwe.

Nilipoketi kwenye mkeka ndipo nilipolia, na nililia kwa hasira. Nilikuwa nimekosa. Nilisikia ngoma za kumzika babu yangu nikazihisi furaha. Na wimbo ulikuwa umekwenda naye kwa sababu ya siku moja. Nikamwambia bibi hivyo, nimeukosa wimbo, alisema atanipa leo.

Bibi alinitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua. Kisha akainama, akashika kisanduku changu kiunoni kwa mikono miwili, akakisogezea mdomo. Miezi yote ile barazani nilikuwa nimemweleza mara kumi kwamba sikio haliko huko. Sikumkatiza.

"Wifi," alikiambia kisanduku, "alikuwa anakuimbia huohuo kila Jumamosi. Wimbo ni mmoja. Aliubadilisha mwendo tu."

Nilimwambia haiwezekani, mmoja ulikuwa wa kwata, mmoja wa kasia. Akasema mtu mwenye masikio angejua Jumamosi ya pili. Kaka yake alikataza nisiambiwe. Alitaka koo langu liushike kwanza, sikio lifuate likitaka. Kisha, akiwa bado ameinama kwenye nyonga yangu, alinipa maneno, na kwa Kiswahili ni hivi. Mvua imerudi, mpunga umesimama. Chungu kiko mekoni, moto unawaka. Njoo tule, halafu jina la bibi yangu. Chakula kinapoa.

"Aliutunga wakiwa wageni katika ndoa," bibi alisema. "Bibi yako alikuwa mtu wa kuzurura kwa majirani. Kaka alikuwa anamwita kwa wimbo huo, kijiji kizima kinacheka. Alipokufa, kaka aliendelea kuuimba, ila jina hakulitaja tena. Anafika pale, ananyamaza. Mwisho wa mstari wa tatu."

Na mimi nilimwambia pumzi imekwisha. Nilimwambia mara ngapi.

Mchana tulipofika kaburini, bibi aliuanzisha wimbo kwa maneno yake na akanisukuma mbele. Niliimba. Sijui sauti yangu ilipanda wapi na kushuka wapi, mume wangu, aliyefika mchana huo, alisema ilikuwa sawasawa, lakini ushahidi wake mnaujua. Wazee walioukumbuka wakaufuata. Tulipofika njoo tule, nikanyamaza, na watu wote wakanyamaza nami, hata wapiga ngoma, na katika ukimya ule kisanduku changu hakikukosea kitu. Nilisikia kila kilichokuwepo. Kisha tukamwambia kwamba chakula kinapoa.

Baada ya matanga nilirudi kwenye kwaya yangu mjini na kuwaambia ukweli, kwamba nasikia mpigo na maneno, mengine nasikia debe. Walisema hata wao wakati mwingine husikia debe, hasa kutoka sauti ya tatu. Nikamweka mama mmoja mwenye sikio kali aangalie sauti, mimi nikabaki na mwendo na kijiti. Wimbo wa kwanza niliowafundisha ulikuwa ule. Wakauimba vizuri, ila walipofika mwisho wa mstari wa tatu wakaunganisha na wa nne bila kupumua, kama watu wanaowahi gari.

Nikagonga muundi wa sauti ya kwanza. "Subirini hapo."

"Mwalimu, hapo hamna kitu," mmoja alisema. "Hakuna neno, hakuna nota. Tunasubiri nini?"

"Hapo pana mtu," nilimwambia. "Mpisheni."

Wakatazamana. Nikainua kijiti, tukaanza tena tangu mvua.